Gunia la Bwana Fisi

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nini?
— Pakawa kikapu.
— Cha nani?
— Cha wenye kiu.

Basi tulieni, nanyi mlio nyuma acheni kunong'ona. Hapo kale, kale sana, Nyati aliizungushia chemchemi miba, akasema maji ni yake. Wanyama wadogo wakabaki kulamba umande. Bi Pimbi alikuwa na watoto watatu. Wawili walikufa kwa kiu, akabaki na kitindamimba wake, midomo imempasuka.

Wanyama wadogo wakakubaliana kwenda kumshitaki Nyati kwenye baraza la Tembo, mwendo wa siku tatu. Masurufu ya njiani yakahitajika. Bi Pimbi akapewa kikapu apite shimo kwa shimo, kila nyumba itie konzi moja ya mtama. Kwa nini kila nyumba? Kwa sababu sheria ya baraza lile ilikuwa moja: anayesema ni yule ambaye chakula chake kimeliwa njiani. Aliyetia konzi, ana mdomo.

Akaenda kwa Panya. Panya akatia konzi. Akaenda kwa Kanga. Kanga akatia konzi, akalia kidogo, akatia nyingine. Akaenda kwa mzee Nungunungu, asiye na kitu. Nungunungu akakung'uta kibuyu, zikatoka punje nne.

"Nami nimo, mwanangu?" akauliza.

"Umo, babu."

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakijai kwa siku moja, na mtoto nyumbani analia. Ndipo akaja Fisi na gunia la mtama begani.

"Unajichosha bure, dada," akasema Fisi. "Chukua hili. Sitaki kitu."

Bi Pimbi akafurahi, maskini. Akawarudishia wenzake mtama wao. "Pumzikeni," akawaambia, "mfadhili amepatikana." Nani kati yenu angekataa? Msiniangalie hivyo.

Safari ikaanza. Siku ya kwanza Fisi akasema, "Mwenye gunia hatembei nyuma." Wakampisha mbele. Siku ya pili akasema, "Mwenye gunia hapiki." Wakampikia. Siku ya tatu wakafika barazani, Fisi akasema, "Mwenye gunia ndiye asemaye." Hapo wakaikumbuka sheria, wakampisha tena.

Fisi akasimama mbele ya Tembo. "Wanyama wadogo wamenituma nishukuru," akasema. "Nyati anaitunza chemchemi vizuri. Wanaomba tu mimi niwe mlinzi wa lango."

Bi Pimbi akapaza sauti. "Mzee, hayo si maneno yetu."

Tembo akamtazama kwa huruma. "Umekula cha nani njiani, binti yangu?"

"Cha Fisi."

"Basi umekwisha kusema."

Bi Pimbi akarudi, akachukua kikapu, akaanza upya. Akaenda kwa Panya. Panya akamjibu akiwa ndani, "Siku ile ulinirudishia konzi yangu, mama. Tumeshaila." Akaenda kwa Kanga. Kanga hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni tu. "Mtama umekaukia shambani, shoga. Sina." Akaenda kwa mzee Nungunungu, akabisha hodi mara tatu. Hakuna aliyeitika. Majirani walikuwa wameshamzika.

Akarudi kwake na kikapu kitupu. Kitindamimba wake alikuwa amelala mlangoni. Hakuomba tena maji. Hakuomba tena kitu.

Inaniuma kuisimulia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Wanaodai haki yao wajilishe wenyewe, hata kwa punje nne. Anayewabebea chakula chote huwabebea na ulimi.

Hapo ndipo ngano yangu ilipokauka. Ikiwa njema, ni yetu sote. Ikiwa chungu, mdaini Fisi.