Kazija na Mti wa Jirani

Paukwa!

Pakawa!

Nani hapa anataka kivuli?

Sote!

Basi sogeeni, msikanyagane.

Hapo kale paliondokea mwanamke, jina lake Kazija. Alikuwa na baraza pana, na kila alasiri wanawake wa mtaa walikuja hapo kusuka ukili wa mikeka. Wakisuka, wakicheka, wakiwateta wasiokuwapo. Kazija akanenepa kwa raha.

Jirani yake, Bi Mize, alikuwa amepanda mti uani. Mti ukakua, ukatanda, ukatoa maua meupe yanayonukia. Mwanamke mmoja akahamia kivulini. Wa pili akamfuata. Mara wamehama wote! Barazani wakabaki kuku tu.

Kazija akaona wivu. Wivu hasa, jamani! Chakula hakipiti kooni, usingizi hauji.

Adhuhuri moja, watu wamejilaza, akachukua ndoo ya maji aliyooshea samaki, akayamwaga shinani.

"Kauka, mti, kauka! Wenzangu warudi kwangu!"

Mti ukachanua.

Akamwaga majivu ya jikoni. "Kauka, mti, kauka! Wenzangu warudi kwangu!"

Mti ukazidi kuchanua.

Akamwaga mavi ya mbuzi, ndoo tele. "Kauka, mti, kauka!"

Mti ukatanda mpaka nje ya ua. Nyinyi wakulima mnacheka, nawaona. Kazija hakuwahi kupanda hata mchicha.

Kiangazi kikaingia. Jani moja likaanguka. La pili likaanguka. Yakapukutika yote, na jua likawaka uani kwa Bi Mize. Wanawake wakabeba ukili wao, wakarudi barazani, na Bi Mize pamoja nao.

Kazija akapiga vigelegele. Furaha ikamponza.

"Ule mti nimeuua mimi! Kwa maji ya samaki, kwa majivu, kwa mavi ya mbuzi!"

Mikono yote ikaacha kusuka. Bi Mize akamtazama.

"Umeuua, shoga?"

"Nimeuua!"

"Haya," akasema Bi Mize, akaendelea kusuka.

Mvua zikanyesha. Mti ukachipua, ukachanua kuliko mwanzo. Harufu ikaingia chumbani kwa Kazija. Akafunga dirisha, ikapitia mlangoni. Wanawake wakahama tena, na safari hii wakienda wakicheka.

Bi Mize akaja kubisha hodi.

"Shoga, mti huu hupukutika kila kiangazi, haufi. Lakini haujapata kunawiri hivi. Njoo ukae nasi. Ila usije bila ndoo yako."

Mnadhani hakwenda? Alikwenda! Ukili kwapani, ndoo mkononi, uso chini kwa aibu. Kukaa na kuku kulikuwa kumemchosha. Akamwaga mbolea yake shinani, wenzake wakampisha mkekani.

Akainua macho kuyatazama maua. Wivu ukamchoma tena palepale: mbona mti huu haukuota kwangu?

Ngano yangu naiacha hapa. Ikiwa imenoga, gawaneni. Ikiwa imechacha, nirudishieni mwenyewe.