Mize na Mgeni Mwenye Kanga Mpya

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni karibu, mlango nimeshaufunga.

Hapo kale, kando ya msitu, aliishi mjane mfinyanzi wa vyungu, Bi Somoe. Hakujaaliwa mtoto.

Siku moja akakuta binti mkubwa amejikunja kando ya tanuri lake. Alisema anaitwa Mize, basi. Bi Somoe akamchukua awe mwanawe. Majirani wakamwonya. Wakasema heri angetafuta mtoto mchanga. Huyu keshakomaa, nani ajuaye alilelewa na nani?

Jioni akampakulia wali. Mize akaisukuma sahani. "Kula wewe kwanza," akasema. Kesho yake, "Kula wewe kwanza." Na kesho kutwa, "Kula wewe kwanza."

Majirani wakazidi kunong'ona kwamba huyo ni mtoto wa zimwi. Bi Somoe akawanyamazisha, lakini naye akaanza kulala jicho moja wazi. Siku moja, akikunja mkeka wa Mize, akakuta kisu.

 Akamuuliza ni cha nini. Mize akalia, akaeleza kwamba zimwi alimwokota angali mdogo, akamwita mwanangu, akamlisha mpaka akanona. Mwisho akamsikia akinoa panga, akatoroka. Tangu hapo, yeye humwogopa kila anayempa chakula.

Bi Somoe akamtazama, kisha akakirudisha kisu chini ya mkeka. "Kaa nacho mpaka uone hukihitaji," akasema.

Basi, siku moja wakichoma vyungu tanurini, akaja mwanamke mzuri, kajitanda kanga mpya, machozi yanamtiririka. Akasema yeye ni shangazi yake Mize, amemtafuta kila mahali. Majirani wakafurahi, wakataka mtoto arudi kwao.

Mize akajibanza nyuma ya Bi Somoe. "Si shangazi huyu," akasema kwa sauti ndogo. "Ana kinywa cha pili kisogoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsuka."

Watu wakamcheka. Mgeni akatabasamu, akasogea. Bi Somoe akasita. Amwamini nani? Akanyoosha mkono, akaivuta ile kanga.

Kinywa kikaachama kisogoni, meno kama mashoka. Zimwi akamkaba Bi Somoe shingo, na majirani wakatawanyika. Mize hakukimbia. Akachota jivu la moto tanurini kwa kigae, akalimwaga kinywani mle. Zimwi akanguruma, akatokomea msituni, na mpaka leo hajaonekana.

Mize akapiga magoti, akamfuta Bi Somoe jivu usoni.

"Umeumia, mama?"

Hakuwahi kumwita hivyo.  Bi Somoe alikuwa analia na kucheka pamoja. Toka siku ile wote wawili wakafinyanga vyungu, wakibishana, wakiimba, na nyumba iliyokuwa kimya ikachangamka.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeogopa na alale ubavuni kwangu. Mtoto mkubwa naye anahitaji mzazi. Mpe muda akuamini, na akisema, msikilize.