Divai ya Kilimani kwa Mzee Chilewa

Nyamazeni, na anayetafuna ameze kwanza.

Zamani, Dodoma ikiwa bado vumbi na nyumba za tembe, kabla maghorofa hayajaja kutuzibia upepo, jirani yetu mzee Chilewa alikuwa na watoto watatu. Sechelela alijua udongo kwa ulimi. Mazoya alijua maji yatapita wapi kabla mvua haijanyesha. Ndahani, kitinda mimba, alijua kulisoma anga. Kazi nyingine zote zilimshinda.

Mzee alitaka kulima zabibu. Watu wakamwonyesha udongo mweusi wa bondeni. Sechelela akauramba, akatema.

"Baba, hapa pana chumvi. Utakunywa machozi."

Akachagua udongo kichanga, mwekundu, wa kilimani. Tukamcheka.

Mazoya akautazama ule mteremko: mvua moja tu, na shamba lote liko bondeni. Akapanga mawe kukinga maji mpaka mgongo ukapinda. Masika yakasomba mashamba ya wenzake, lake likabaki.

Sasa, mzabibu wa kwetu huzaa ukipogolewa. Watu wakapogoa mapema, zabibu zikaivia kwenye mvua, divai ikawa maji ya kunawia. Ndahani hakugusa tawi.

"Unangoja nini, mvivu we?" Sechelela akafoka.

"Mvua ikatike, dada. Ziivie kiangazi, jua kali mchana, baridi usiku."

Divai ilipofunguliwa, tuliitwa kuonja. Sijapata kunywa tena kitu kama kile; hizo chupa mnazoniletea sikukuu ni dawa ya kikohozi.

Mzee akaonja. Kisha akatoa mkasi wake wa kupogolea.

"Macho yameniishia. Shamba hili likikatwa vipande litakufa. Atakayeshika mkasi ndiye mwenye shamba. Wawili watafute pengine."

"Bila ulimi wangu mngelima chumvi," alisema Sechelela.

"Bila mawe yangu, dada, huo udongo wako ungekuwa bondeni."

Ndahani akacheka. "Na bila uvivu wangu mngekunywa maji."

Mzee akatugeukia. "Majirani, mmeonja. Semeni."

Sisi, wenye midomo mirefu kuliko kijiji kizima, tukainamia vikombe. Mkono wa mzee ukabaki umenyooshwa na mkasi wake.

Haya, nyinyi mnaojua kila kitu: mngesema apewe nani?