Isale la Kona ya Bustani

Wapendwa, kulikuwa na bwana mmoja, mtu wa huku kwetu mlimani, aliyefanya kazi mjini maisha yake yote. Alipostaafu alitazama uani kwake kule mjini akasema, "Nimechoka na maua haya ya kuletwa. Yanakunywa maji kama ng'ombe! Mimi nataka mimea ya kwetu."

Akang'oa yote. Akachora ramani ya bustani mwenyewe: mringaringa kule nyuma ulete kivuli, msesewe pembeni, ule unaotia uchungu kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Msicheke, mnaujua kuliko mimi. Akapanda, akamwagilia, na ndege waliokuwa wamehama wakarudi. Majirani wakaja kutazama, wakamsifu: "Mzee, wewe umeshika asili!" Akafurahi sana. Ikabaki kona moja karibu na geti, haina kitu. Kwenye ramani alikuwa ameiandikia: isale.

Sasa, bwana huyu alikuwa na mdogo wake, tumbo moja. Siku ya kumzika mama yao, yule mdogo alimtukana mbele ya waombolezaji, akasema amemtelekeza mama. Maneno mazito, tena jeneza lipo pale pale. Tangu hapo hawakusalimiana. Mkubwa akaapa, "Asikanyage kwangu mpaka aje na isale." Mnaelewa wenyewe. Ila kwa wageni tulio nao leo: kwetu, aliyekukosea akija ameshika jani la isale, hata awe amekuchomea nyumba, humrudishi. Ukilipokea, yamekwisha.

Asubuhi moja mkewe akamwita, "Baba, mdogo wako yupo getini. Amekuja na isale."

Akatoka. Mdogo wake alikuwa amekonda, koti linamning'inia. Ameshika isale kwa mikono miwili, jani limepigwa fundo, na mizizi yake bado ina udongo. Alikuwa amelitoa kaburini kwa mama.

"Kaka, nilikosea. Nisamehe."

Jamani, mnadhani alifanyaje? Alilitazama lile isale, akasema, "Lina mizizi! Ndilo nililokuwa nalitafuta kwa ile kona." Akalichukua kama vile amelinunua kitaluni.

"Kaka, sikukuletea mche."

"Nimekusikia. Hayo tutaongea bustani ikikamilika. Nitakuita."

Akafunga geti. Hakuwa mtu katili, wapendwa. Alitaka tu kumsotesha kidogo.

Isale likashika. Likachipua majani mapya, likapendeza kuliko vyote. Akaweka benchi pale. Kila mara alisema bado kidogo, nipande na hiki, nipange mawe pale, halafu nimwite. Ndipo ikaja simu kutoka mlimani: mdogo wako hatunaye. Kumbe siku ile ya getini alikuwa tayari mgonjwa, amekuja kuaga.

Masikini! Akakimbilia kwenye kona, akakata jani la lile isale, akalipiga fundo, akapanda nalo mlimani. Alipofika aliliinua mbele ya jeneza, analia mbele za watu bila aibu. "Mdogo wangu, ni mimi niliyekosa. Pokea!"

Mjane akamshika bega, akamwambia taratibu, "Shemeji, isale hupokelewa kwa mkono. Na mkono wenyewe ulishagonga geti lako."

Ndugu zangu, sisi ndio yule bwana. Mila tunazijua, nyimbo za toba tunaziimba kwa sauti zote nne mpaka vioo vinatetemeka. Msamaha tunaupenda, tunaupanda mahali panapoonekana, tunakaa benchini kuutazama. Aliyeuleta tumemwacha nje! Tunasubiri nini? Hasira ipoe? Msiba ufike? Bustani ya nani ilishawahi kukamilika? Mimi nimezika wengi katika usharika huu, na nimechoka kuona watu wakiomba radhi kwenye jeneza.

Wazee wa kanisa, vikapu vya sadaka visubiri. Kwaya, kaeni kwanza. Kuna mtu humu ndani amekaa upande ule kwa sababu wewe umekaa upande huu. Unamjua, na mimi nawajua wote wawili. Inuka umfuate angali na mkono wa kupokea. Sisi wengine tutawangoja.