Mtihani wa Fisi

"Mpo?"
"Tupo!"
"Masikio mnayo?"
"Tunayo, yajaze!"

Basi hapo kale msitu mmoja ulikuwa na mabaraza mawili ya mitihani. Baraza la Bara, mkuu wake Fisi, lilitahini kwa kuandika juu ya majani ya mgomba. Baraza la Mtoni, mkuu wake Mamba, lilitahini kwa kupiga mbizi. Na cheti cha huku hakikutambulika kule.

Pimbi na mdogo wake Sihaba walihama kutoka Mtoni. Sihaba alikuwa na cheti chake, kizuri kabisa.

"Cha Mtoni? Hakitambuliki," alisema Fisi. "Rudia."

Sihaba akarudia. Akaandika, akaandika, akaandika mpaka jani likajaa. Fisi akalipokea, akasema, "Umefeli." Na kwa Fisi, aliyefeli hakurudi nyumbani. Kakakaka! Pimbi aliyekuwa akingoja nje alisikia mifupa.

Alikaa siku tatu hali, hanywi. Siku ya nne akaenda kwa Fisi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kujiandikisha?"

"Hapana. Nimekuhurumia tu. Kule Mtoni waliofeli wamelundikana, wanono, hawana wa kuwachukua."

Mate yakamdondoka Fisi, do, do, do. "Nipeleke!"

"Lakini cheti chako cha Bara kule hakitambuliki, Mwalimu. Sharti ufanye mtihani wao."

"Wanaandika nini?"

"Hawaandiki. Unazama, nahesabu mpaka kumi, unaibuka."

"Kumi tu? Twende!"

Wakaenda, wakaenda, wakafika. Fisi akajitupa, chubwi! Pimbi akahesabu: moja, mbili, tatu... Alipofika saba maji yakachemka, bukubuku, bukubuku, yakawa mekundu.

Mamba akaibuka, akajilamba. "Amefeli," akasema. Kisha akamtazama Pimbi. "Na wewe, binti, unafanya lini?"

Pimbi akakimbia mpaka pangoni kwa Fisi. Ndani alikuta majani ya watahiniwa yamepangwa hadi darini, miaka na miaka, kila moja limefungwa kwa ukili kama lilivyokabidhiwa. Akalitafuta la Sihaba. Nalo halikuwa limefunguliwa.

Akalifungua yeye. Akaketi, akalisoma lote, swali kwa swali. Yote alikuwa amepata.

Ngano nimeitua hapo; mwenye mabega na aibebe. Na funzo lake, wanangu: someni kwa bidii, maana mtihani ni ule ule popote uendapo, na msahihishaji husoma kila neno.