Mlango wa Godelieve

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu: asiyesema huenda amebeba neno zito kuliko wapigao kelele. Isidore, mpiga filamu wa mji wa Baraka, aliijua methali hiyo tangu shuleni, lakini hakuiamini hadi Jumamosi ile ya soko.

Alikuwa akitengeneza filamu za sura za wasanii: uso mmoja, bila maneno wala muziki, kamera isizimwe mpaka msanii amalize onyesho lake. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Godelieve, mwanamke aliyekimbia vita Kilembwe. Onyesho lake lilikuwa kusimama katikati ya soko, ameubeba mgongoni mlango uliosalia wa nyumba yake iliyochomwa.

"Hata banisukume, usiseme kitu," alimwonya. "Na usizime kamera."

Jua lilipopanda, watu waliwazunguka kama siafu. Wengine walicheka, wengine wakanong'ona kuwa ni mchawi. Ndipo Eddy, mkuu wa soko, alipojipenyeza amefura kwa hasira.

"We mama, iko unafanya nini hapa? Unafukuza bateja!"

Godelieve hakujibu. Eddy akamgeukia Isidore. "Na we, zima hiyo kitu ao nitaivunja!"

Isidore alijua maelezo machache tu yangewaokoa. Aliyameza kama shubiri. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, lakini hakukibonyeza. Eddy akaushika mlango ili auangushe.

Papo hapo akaona mistari ya makaa ubaoni, kila mmoja na jina lake: Marie. Junior. Placide. Ulikuwa urefu wa watoto, uliopimwa mwaka hadi mwaka. Mstari wa juu kabisa haukumfikia Eddy kifuani.

"Batoto bako wapi, mama?"

Godelieve alimtazama tu. Mkono wa Eddy ukateremka. Vicheko vikakatika, hata mashine ya kusaga mihogo ikazimwa. Isidore hakuwahi kuogopa kimya namna ile.

Ghafla mama mmoja muuza dagaa akaangusha beseni lake. "Wangu aliitwa Espérance!" akalia. Mwingine akataja jina la mtoto wake, na mwingine, hadi soko zima likarindima kwa majina na vilio vilivyosikika mpaka ziwani. Eddy naye akataja jina, huku ameuinua mlango ule kwa mikono miwili kumpunguzia Godelieve uzito.

Godelieve hakuwa ametamka hata silabi moja. Hakika, kimya kingi kina mshindo mkuu.