Kigoda cha Mpakani

Mama mmoja alikuwa na shamba mpakani, pale nchi ya mtemi ilipokoma na pori kuanza. Jina lake Nyamizi. Babu zake ndio waliofyeka msitu ule, na kwa desturi ya watu wa huko, mbegu haikuingia ardhini mpaka mtu wa damu ya mfyekaji wa kwanza ainyunyizie unga na kuiombea.

Akaja Lugusha na watu wake, mikuki mkononi. Nyamizi aliwapikia, maana husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hakupona. Mumewe aliuawa kizingitini, wanawe wakakimbilia porini, na yeye akapelekwa mbali mbugani kuchunga mbuzi waliokuwa wake.

Washindi nao hawakukaa kwa raha. Waligombania malisho, wakagombania maji, wakachomeana maghala. Mtemi akaleta msimamizi, wakamfukuza. Akaleta mwingine, naye akawa mwizi kuliko wao. Kila walipoomba kigoda katika baraza la nchi, ili wahesabiwe mji kama miji mingine na kujiamulia mambo yao, mtemi aliwajibu kwamba wasiojua kuishi pamoja hawapewi kigoda. Lugusha akafa, mwanawe Kasanda akarithi, na Nyamizi akazeeka na mbuzi wake.

Hatimaye mtemi akakubali kwa sharti moja: mbegu za mji ziombewe kwanza na mwenye ardhi. Hapo ndipo Kasanda alipomkumbuka mchunga mbuzi. Alimwendea mpole kama kondoo, akamwita mama, akaapa kwamba siku ya kigoda wanawe wangeitwa warudi nyumbani. Nyamizi hakuwa mjinga. Ukoo ule aliujua. Lakini mama mwenye watoto porini afanye nini? Alichukua unga huku moyo ukimuuma, akazinyunyizia mbegu, akaomba.

Mvua ikanyesha, mtama ukastawi, kigoda kikaletwa. Ngoma zikalia, watu wakala wakashiba, na hakuna aliyetumwa porini. Nyamizi alivaa nguo yake safi, akaenda kumwuliza Kasanda habari za wanawe. Penye lango alipokewa na binti wa Kasanda, aliyezaliwa palepale na asiyejua lolote la zamani. Binti hakuwa na ubaya. Alimtandikia mkeka karibu na lango, akamwambia kwa adabu, “Karibu, bibi. Wageni tunawakalisha hapa.”

Nyamizi akakaa. Machozi yalimtoka, na waliomwona walidhani analia kwa furaha ya mji.

Ndugu zangu, mji ule upo, una amani, na watu wake husema yote yaliisha vizuri. Basi niambieni, ninyi mnaokula mtama wa shamba kama lile: ni nani kati yenu atakayekwenda porini kuwaita wale watoto?